Kula Ziwa Bila Mtumbwi Wako: Historia ya Mapatano katika Ziwa Edward

(Mazungumzo ya elimu ya raia na amani, yaliyosomwa kwa redio na kuandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, Kimemi, Butembo.)

Leo tutazungumza juu ya mtumbwi.

Labda mmoja atauliza: huku Butembo tuko juu ya milima, mtumbwi unatuhusu nini? Unatuhusu sana. Samaki tunaowaona sokoni wengi wanapanda kutoka Kyavinyonge na pwani zingine za Ziwa Edward. Tena, katika hao waliokimbilia kwetu, wamo waliokuwa wavuvi. Walifika na watoto na godoro moja. Nyavu zilibaki, mtumbwi ulibaki. Kila siku wanajiuliza: «Sina mtumbwi, na mtumbwi ni bei kali. Nitarudi ziwani kwa njia gani?»

Watu wawili walinijia mwaka mmoja, katika kazi yangu ya kusaidia raia kuelewa haki zao. Mmoja alikuwa mkimbizi kutoka pwani ya ziwa. Wa pili alikuwa shemeji yake, mwenyeji wa hapa, ndiye aliyempa chumba cha kulala. Walikuwa wameunda mtumbwi pamoja: mwenyeji alitoa pesa ya mbao na misumari, mkimbizi alileta nyavu alizookoa, pamoja na ufundi wake. Hawakuandika neno hata moja. Kwa miezi mitatu mambo yalienda vizuri. Halafu mtumbwi ulikamatwa ziwani kwa sababu haukuwa na ruhusa, nao ukapotea. Mwenyeji akasema: «Nilipe mbao zangu.» Mkimbizi akasema: «Nami nilipe nyavu zangu.» Siku waliyofika kwangu walikuwa hawasalimiani tena, na mke wa mmoja, ambaye ni dada ya mwingine, alikuwa analia katikati yao.

Nitarudia habari yao mwishoni. Kwanza tuangalie historia, sababu swali lao si jipya. Kwa vizazi vingi watu wengi wamekula ziwa bila kuwa na mtumbwi wao wenyewe. Walikula kwa mapatano. Pale mapatano yalipokuwa wazi, amani ilikaa. Pale yalipofichwa, ugomvi ulizaliwa.

Watu wa kale wa Ishango

Mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale na kukuta vitu vya wavuvi wa zamani sana, wa miaka karibu 20,000 iliyopita. Alikuta mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa kwa vikundi, ambao leo unatunzwa Bruxelles na unajulikana dunia nzima kama mfupa wa Ishango. Alikuta pia ncha za mikuki zenye meno, zilizochongwa kwa mifupa, za kuchomea samaki. Si mbali na pale, kando ya Semliki, mahali panapoitwa Katanda, wataalamu walitangaza mwaka 1995 kwamba wamekuta ncha za namna hiyo zenye umri wa miaka elfu themanini hivi ao zaidi, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa.

Wale watu waliwapataje kambale? Wataalamu wanafikiri kwamba walingoja majira. Kambale hukaribia maji mafupi wakati wa kuzaa, na mtu anaweza kumchoma akiwa amesimama kwa miguu yake. Basi ziwa liliwalisha watu waliosimama ukingoni, wakiwa na mkuki wa mfupa na akili ya kujua majira. Historia ya ziwa letu inaanza na wao, na hatuna alama yoyote kwamba walihitaji mtumbwi kwa kupata kitoweo.

Lakini angalisho: kitu kilichofaa kwa watu wachache wa zamani kinaweza kuwa hatari leo. Tukienda maelfu kuchukua samaki wanaozaa katika maji mafupi, tena kwa nyavu za mbu, tunaua mama na watoto pamoja. Njia isiyolipisha pesa leo inaweza kutulipisha njaa kesho.

Chumvi ya Katwe

Tupite miaka mingi, tufike karne ya 19. Upande wa mashariki wa ziwa, nchi inayoitwa leo Uganda, kuna ziwa dogo la chumvi, Katwe. Chumvi ya Katwe ilitafutwa na watu wa pande zote. Wakubwa waliipigania, na wachuuzi wa milima yetu, Wanande, waliishukia. Henry Morton Stanley alipopita huko mwaka 1889 alikuta biashara hiyo inaendelea. Ni yeye aliyelipa ziwa kubwa jina la Edward, mwana wa malkia wa Uingereza.

Mnande aliyetoka milimani na vyakula vyake hakuwa mtu wa maji. Kama alitaka kuvuka ziwa, alihitaji mtumbwi wa mtu mwingine. Kama hakutaka kuvuka, alizunguka kwa miguu upande wa Kasindi. Hapo tunaona njia mbili za asiye na chombo, ambazo ziko hata leo: kulipa nafasi katika chombo cha mwenzako, ao kufanya kazi yako juu ya nchi kavu na kumwachia mtu wa maji kazi ya maji. Mtu wa milima alikuwa na mahindi, maharagwe na ndizi. Mtu wa ziwa alikuwa na samaki na mtumbwi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na uhitaji huo ulifanya mara nyingi kazi ya amani.

Mipaka na ruhusa

Kisha ukaja ukoloni, nao ukaleta mipaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza na Wabelgiji waligawana ziwa: sehemu kubwa ikawa ya Kongo, sehemu ndogo ya Uganda. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Parki Albert, ambayo kwa miaka iliyofuata iliongezwa hata ikazunguka pwani zetu. Katika miaka ile ugonjwa wa usingizi pia ulikuwa umeleta vifo vingi, na watu waliondolewa karibu na maji. Familia zilizokuwa zinalima na kuvua pale zikajikuta nje. Ninyi mliokimbia leo mnajua uchungu wa neno «ondokeni». Babu zetu wengine walilisikia pia.

Baadaye uvuvi uliruhusiwa, lakini kwa mahali maalumu. Upande wa Kongo vijiji vitatu vya uvuvi vilitambuliwa: Vitshumbi kusini, Nyakakoma mashariki-kusini, na Kyavinyonge kaskazini. Idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo, na uvuvi ukawekwa chini ya koperative. Wakati wa Wabelgiji iliitwa COPILE, koperative ya wavuvi wenyeji wa Ziwa Edward. Baada ya uhuru ikaja COPEVI, koperative ya uvuvi ya Virunga.

Wazo la koperative lilikuwa zuri kwa mtu asiye na mtumbwi: chombo, nyavu, soko na ruhusa viwekwe pamoja, kila mtu apate kazi na fungu. Lakini wazo zuri linahitaji daftari nzuri. Wavuvi wengi waliiona koperative kama kitu cha wakubwa kilichoshuka kutoka juu, wala si mali yao. Mwanamemba ambaye haoni hesabu, hachagui komite, na hajui samaki wake waliuzwa bei gani, ni mwanamemba kwa jina tu. Siku koperative inapoanguka, halii, sababu hakuwa nayo.

Miaka ya kuvunjika

Mwaka 1969 parki iliwekewa sheria mpya, na ikapata jina la Virunga. Mwaka 1973, wakati wa Mobutu, ziwa likabadilishwa jina likaitwa Idi Amin, na mwishoni mwa mwaka ule serikali ikatangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wenyeji. Majina yalibadilika, lakini uchumi wa nchi ukaharibika. Jina la Idi Amin liliondolewa baada ya yeye kuanguka mwaka 1979. Mishahara ya watumishi ilipokosa maana, ruhusa zikaanza kuuzwa, na mitumbwi isiyo na ruhusa ikaongezeka.

Halafu vita: 1996, tena 1998, na vikundi vya silaha vilivyofuata. Wakimbizi walishuka ziwani kutafuta chakula. Idadi ya mitumbwi ikapita kwa mbali ile iliyoruhusiwa. Vikundi vya silaha vikawatoza wavuvi kodi. Viboko, ambao mavi yao yanalisha maji na samaki, walikuwa karibu 29,000 katika parki katikati ya miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wameuawa kwa nyama na meno. Mvuvi anayesema «samaki wamekuwa wadogo» anasema habari ya vita, hata kama hataji bunduki.

Mwezi wa saba 2018, wanajeshi wa maji wa Kongo na wa Uganda walipigana juu ya ziwa hili, na watu wakafa. Wavuvi wetu wengi wamekamatwa kwa kuvuka mpaka usioonekana majini. Mwaka 2024 vita vya M23 vilifika Vitshumbi mwezi wa tatu, na Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita, na familia nyingi zikapanda kuelekea Lubero na Butembo. Upande wa Beni, mauaji yaliyoanza mwaka 2014 yalikuwa yamekwisha kuwahamisha wengine wengi.

Nimeyasema haya yote ili tuelewe jambo moja. Mtu aliyepoteza kila kitu anapoambiwa, «Chukua mtumbwi huu, utalipa pole pole,» asikimbilie kushukuru. Aulize kwanza: mtumbwi huu una ruhusa? Ni wa nani? Nikikamatwa, nani atalipa? Nyuma ya mtumbwi huu kuna bunduki? Mtumbwi wa bure ambao unakufunga kwa mwenye bunduki una bei kubwa kuliko mitumbwi yote ya ziwa.

Njia nne za asiye na mtumbwi

Sasa tuone njia ambazo historia inatuonyesha, na hatari ya kila moja.

*Njia ya kwanza ni kazi kwa fungu.* Unaingia katika mtumbwi wa mwingine, na mavuno yanagawanywa. Njia hii iko pote panapovuliwa. Kwa Waswahili wa pwani ya bahari, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana mafungu yao. Katika Ziwa Victoria wafanyakazi wa mitumbwi wanaitwa baria, na wako wengi kuliko wenye mitumbwi.

Jambo la kuangalia ni hili: gharama zinatoka wapi? Nitatoa mfano wa hesabu tu. Tuseme samaki wameuzwa franka 100,000. Mafuta ya moteri, chakula na matengenezo ni franka 28,000. Wavuvi ni wanne.

Kama gharama zinatolewa kwanza, zinabaki 72,000. Tukizigawa kwa mafungu sita, moja la mtumbwi, moja la nyavu na moteri, na manne ya wavuvi, kila fungu ni 12,000. Mwenye mtumbwi, kama nyavu na moteri ni vyake, anapata 24,000.

Lakini kama mwenye mtumbwi anachukua kwanza nusu, yaani 50,000, na gharama zote zinatolewa katika nusu ya wavuvi, wavuvi wanabaki na 22,000. Kila mmoja anapata 5,500.

Ziwa ni lile lile, usiku ni ule ule, samaki ni wale wale. Tofauti ni mstari mmoja wa mapatano ambao haukusemwa kabla ya kuingia majini. Mvuvi wa 5,500 atakopa kwa mwenye mtumbwi, deni litakua, na mwisho hataweza tena kuondoka. Vijana wengi wamekimbia vita wakiwa bado na deni la namna hii, na wanaogopa kurudi kwa sababu mbili: bunduki na deni.

*Njia ya pili ni kukodi.* Unalipa mwenye mtumbwi kiasi kilichopatanwa kwa siku ao kwa juma, na mavuno ni yako. Njia hii inamfaa mvuvi fundi ambaye hana mtaji mkubwa. Hatari yake ni siku ya upepo, siku ya samaki kukosa, na siku ya kukamatwa. Basi semeni kabla: siku ambayo haikuvuliwa inalipwa ao hailipwi? Mtumbwi ukivunjika kwa dhoruba, hasara ni ya nani? Ukivunjika kwa uzembe, je? Na ruhusa iangaliwe kwa macho, si kwa kuambiwa.

*Njia ya tatu ni kununua pamoja.* Wengi wetu tunajua likelemba: watu kumi wanatoa kila mmoja kiasi sawa, na mmoja anachukua zote, kwa zamu. Likelemba ni nzuri kwa kununua nyavu ao kulipa masomo. Kwa mtumbwi ina ugumu, sababu wa kwanza anapata leo, na wa kumi anangoja. Vita vikija katikati, wa kumi amepoteza.

Ndiyo maana katika Kivu watu wengi wameingia katika MUSO, mutualite ya mshikamano. Huko pesa hugawanywa katika makasha: la kijani kwa mikopo ya wanamemba, jekundu kwa taabu kama ugonjwa na kifo, na la bluu kwa pesa inayotoka nje. Kikundi kikishapata mazoea ya kuweka na kulipa, ndipo kinaweza kununua chombo kimoja cha wote, chenye ruhusa moja.

Na kama kikundi kinataka kusimama mbele ya sheria, mlango uko. Zamani koperative zetu zilifuata dekreti ya 24 Machi 1956. Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative inakubali koperative ndogo, inayoitwa nyepesi, kuanzia watu watano. Kila mwanamemba ana kura moja, awe alileta mbao ao mikono yake. Watu watano, ndugu wasikilizaji! Katika kila avenyu ya Kimemi watano wanaweza kupatikana: wawili wakimbizi, watatu wenyeji.

*Njia ya nne ni kula ziwa kutoka nchi kavu.* Wamama wetu wanaijua zamani. Wananunua pwani, wanakausha, wanatia chumvi, wanapandisha Butembo. Wengine wanashona nyavu, wengine wanatengeneza mitumbwi. Tena kuna mabwawa. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wabelgiji walisukuma sana ufugaji wa tilapia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Mengi yaliachwa baada ya 1960, sababu watu walikuwa wameyachimba kwa amri kuliko kwa mapenzi. Lakini mabonde yetu bado yana maji. Mkimbizi anayejua samaki na mwenyeji mwenye kipande cha bonde wanaweza kupatana: mmoja ardhi, mwingine kazi, mavuno nusu kwa nusu. Bwawa halihitaji kuvuka mpaka, wala kulala majini usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Wazee walisema hivyo, na sheria inasema karibu vile vile. Sheria yetu ya mapatano ni ya tangu 1888, na kipengele chake cha 33 kinatangaza kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake: ninyi wawili, mwenyeji na mkimbizi, mnaweza kujiandikia sheria ndogo ya mtumbwi wenu. Hamhitaji kungoja Kinshasa. Tena sheria haipendi ushirika wa simba, ule ambao mmoja anachukua faida yote na mwenzake anabakiwa na hasara.

Karatasi ya daftari ya shule inatosha. Andikeni mambo saba: majina ya washirika, kila mmoja ametoa nini na thamani yake, ruhusa ya mtumbwi iko kwa nani, gharama zinatolewa wakati gani, mafungu ni mangapi, hasara itagawanywaje, na nani ataitwa kusuluhisha. Wekeni alama ya kidole kwa asiyejua kuandika. Mashahidi wawe wa pande mbili, yaani asitoke wote katika ukoo wa mmoja. Kila mtu abaki na nakala.

Mashefu wetu, hapa tunawaomba ninyi. Kule Uganda sheria ya mwaka 2003 juu ya komite za pwani iligawa viti kati ya wenye mitumbwi, wafanyakazi wa mitumbwi, wachuuzi na wengine, ili mwenye chombo asiamue peke yake. Sisi hatuhitaji kuiga kila kitu cha jirani, lakini jambo hilo ni la kufikiri. Komite inayosikiliza ugomvi wa mtumbwi, ambayo ndani yake wote ni wenye mitumbwi, itasikiaje mtu wa fungu? Na komite ya kartie inayosikiliza ugomvi wa mwenyeji na mkimbizi, ambayo ndani yake hakuna mkimbizi hata mmoja, itaaminiwa na nani? Katika kyaghanda ya babu zetu, watu walisikilizwa kabla ya hukumu.

Sasa wale mashemeji wawili. Hatukuwapeleka tribinali. Tuliwakalisha na mzee wa ukoo, na mkubwa wa avenyu, na mkimbizi mmoja aliyekuwa mvuvi na aliyejua bei ya nyavu. Tuliandika upya kile ambacho hawakuandika: mbao kiasi gani, misumari kiasi gani, nyavu kiasi gani, mavuno ya miezi mitatu yaligawanywaje. Hesabu ilipokwisha, ilionekana kwamba wote wawili walikuwa wamepoteza karibu sawa. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Walikuwa wamekosa ruhusa pamoja, na hasara ilikuwa yao pamoja. Nyavu moja ilikuwa imebaki nyumbani, inangoja kushonwa. Walipatana iuzwe, pesa igawanywe, na mkimbizi aendelee kulala pale mpaka apate pake.

Yule mama aliyekuwa analia alileta chai. Mume wake na kaka yake walikunywa katika meza moja. Mtumbwi haukurudi, na umaskini haukuondoka siku ile. Lakini damu haikumwagika kwa ajili ya mbao, na leo wanachimba bwawa bondeni. Safari hii wameandika.

Ndugu wasikilizaji, ukitaka kurudi majini na huna mtumbwi, tafuta kwanza mtu wa kupatana naye mchana, mbele ya mashahidi. Ukiwa na mtumbwi, fungua hesabu yako kwa wale wanaopiga kasia. Na wewe shefu, omba kuona karatasi kabla ya ugomvi, usingoje kuitwa baada ya panga.

Amani iwe katika nyumba zenu.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika avenyu yetu, nani walikuwa wavuvi ao wachuuzi wa samaki kabla ya kukimbia? Wanafanya kazi gani sasa?
2. Je, mapatano yetu ya kazi, ya shamba, ya pikipiki ao ya mtumbwi, yameandikwa? Kama hapana, tunaogopa nini?
3. Chukueni mfano wa franka 100,000. Wapangie wavuvi wanne na mwenye mtumbwi mafungu ambayo wote watakubali, na mseme kwa sababu gani.
4. Komite yetu ya usuluhishi ina wakimbizi wangapi? Ina wamama wangapi?
5. Watano gani kati yetu wanaweza kuanza pamoja, na wataanza na kitu gani?